Koo la Mtoto na Moyo Wake

Wasikilizaji wetu wa Ruponda na wa nchi yote ya Nachingwea, leo twataka kusema juu ya maradhi ya koo, ambayo watu wengi huyadhania kuwa jambo dogo.

Mtoto huamka asubuhi akilia kwamba hawezi kumeza hata mate yake. Ana homa, na tezi za shingo zimevimba. Mama humpa maji ya chumvi yenye uvuguvugu asukutue, na baada ya siku nne au tano mtoto yuko uwanjani anacheza. Mara nyingi habari huishia hapo, maana makoo mengi huumwa kwa virusi, kama vile vya mafua, ambavyo dawa ya kuua bakteria haiviwezi. Lakini yako makoo mengine ambayo habari zake ndiyo kwanza zaanza.

Hayo huletwa na bakteria waitwao streptokoki. Wakitazamwa kwa hadubini huonekana wamefuatana kama shanga uziuni. Mwaka 1933 Rebecca Lancefield wa New York aliwagawa kwa herufi, na wale tunaowasema ni wa kundi A. Makao yao ni kooni na katika ngozi za watu. Mgonjwa akikohoa au akipiga chafya, matone ya mate huwachukua hadi kwa mwenzake, ambaye huanza kuumwa baada ya siku 2 mpaka 5. Tena huingia ngozini palipochunwa, kama mtoto akijikuna upele au alipoumwa na mbu, nao hufanya vidonda vyenye usaha.

Basi wapendalo hasa ni msongamano. Watoto sita wakilala chumba kimoja chenye dirisha dogo, au darasa likijaa kupita kiasi, bakteria hawana safari ndefu. Hata kumbi la jando, wavulana wanapolala bega kwa bega na vidonda vyao bado vibichi, lataka uangalifu huo huo. Hatusemi mila iachwe. Twasema mwenye koo linalouma alale mbali na wenzake, na amwonaye kidonda anawe mikono kwa sabuni kwanza.

Sasa twaja kwenye jambo zito. Mwili una askari wake wa kupigana na maradhi, na streptokoki wana vitu vinavyofanana na nyama ya moyo wetu wenyewe. Majuma mawili au matatu baada ya koo kupona, askari hao huweza kukosea adui wakaushambulia moyo. Mtoto, aghalabu wa umri wa miaka 5 mpaka 15, hupata homa tena. Goti huvimba na kuuma, kisha maumivu huhamia kifundo cha mguu au kiwiko. Watu husema kaanguka, au karogwa. Nani atakumbuka koo la mwezi uliopita?

Maumivu ya viungo hupita yakaisha. Moyoni ndiko kunakobaki kovu, katika vali, yaani milango midogo inayozuia damu isirudi nyuma. Homa ikirudi, kovu huongezeka. Wasichana wengi hugunduliwa wakiwa tayari ni waja wazito, wanapokosa pumzi na miguu kuvimba. Kupasuliwa na kutengenezwa vali huwezekana katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, lakini kutoka Ruponda ni mwendo wa zaidi ya kilomita 500, na gharama yake si ndogo.

Penisilini ni rahisi kuliko hayo yote, na mpaka leo streptokoki wa kundi A hawajapata njia ya kuishinda. Mtoto mwenye koo jekundu, homa na tezi zilizovimba, naye hana kikohozi wala kamasi, apelekwe zahanati upesi. Dawa ikianzwa kabla ya siku 9 kupita yaweza bado kuukinga moyo. Hupigwa sindano moja, au hupewa vidonge vya siku 10, navyo vimezwe vyote ingawa maumivu yameisha siku ya tatu. Kukata kimio, ambacho wengine hukiita kilimi, hakuwatoi bakteria hao, na wembe mchafu huongeza maradhi mengine.

Aliyekwisha kupatwa na homa ile ya viungo huhitaji sindano kila baada ya majuma matatu au manne, kwa miaka mingi, hata msimu wa korosho ambapo nyumba nzima iko shambani.