Je, Wajua? Kinyesi cha kijani si jina la ugonjwa

Kuku akizubaa mbawa zimelegea, wafugaji wengi wa Masasi na Newala hukimbilia duka la pembejeo kununua OTC. Lakini OTC ni antibayotiki, nayo haiui kirusi cha mdondo, au kideri. Homa ya matumbo, ambayo ni ya bakteria, nayo huweza kuleta mharo wa kijani kama mdondo. Utayatofautishaje magonjwa haya kwa macho tu?

Mara nyingi jibu limo ndani ya mzoga. Afisa mifugo akimpasua kuku aliyekufa karibuni, madoa ya damu kwenye tumbo la tezi, lililo kabla ya firigisi, humwelekeza kwenye mdondo. Ini lililovimba lenye rangi ya shaba, kwenye homa ya matumbo. Damu ndani ya utumbo huashiria koksidiosisi, yenye dawa yake: amproliamu. Uthibitisho hutoka maabara, na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) ana kituo Mtwara.

Mdondo hauna tiba. Kinga yake ni chanjo ya I-2, tone moja jichoni kila miezi 3, kwa kuku wenye afya tu.