Siku ya Kwanza kwa Mshauri Nasaha

Wanavikundi wengi wametuuliza: "Nikienda kwa mshauri nasaha, nitafanywa nini?" Tunafurahi wanapouliza, kwa maana wengine huenda mara moja tu, wakarudi wakisema, "Ati ameniuliza maswali tu, hata dawa hakunipa." Basi hapo wamekata safari.

Wengi wetu tulilisikia neno hili pale pa kupimwa virusi vya Ukimwi. Pale unaongea na mtu dakika chache, unapewa majibu, umemaliza. Lakini huzuni ya kufiwa, au vipigo vya miaka mingi, haviishi asubuhi moja. Mtu hukutana na mshauri kila wiki, kwa karibu saa moja, kwa majuma kadhaa. Uliza mapema ni mara ngapi na ni pesa ngapi.

Siku ya kwanza utaulizwa unakaa na nani, unalala vipi, unakula vipi, na ni nini kimekuleta leo na si mwaka jana. Huenda ukaulizwa kama umewahi kufikiria kujiua. Usishtuke. Kuulizwa hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Zamani watu walificha jibu kwa kuogopa polisi, kwani kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilisema kujaribu kujiua ni kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho ni kinyume cha Katiba. Kwa hivyo jibu kweli.

Kuhusu siri tuseme wazi, maana kijijini kila mtu ni jamaa ya mtu. Unayosema hayatoki nje, isipokuwa maisha yako au ya mwingine yako hatarini, au kuna mtoto anayedhulumiwa. Mshauri anapaswa kukueleza haya mwanzoni; asipokueleza, muulize. Na kama ni shemeji yako, au ni jirani anayekuuzia maziwa, omba mwingine bila aibu.

Jambo linaloudhi wengi ni kwamba mshauri haamui kesi. Wazee wetu husikiliza pande mbili, kisha hutoa uamuzi. Huku sivyo. Mama akisema mumewe analewa na pesa ya karo imekwisha, hataambiwa "mwache" wala "vumilia". Ataulizwa amejaribu nini, ni lipi lilisaidia hata kidogo, anataka kipi kibadilike kwanza. Sisi tunaona hiyo ndiyo faida yenyewe, kwa maana yule anayekuambia uvumilie halali katika nyumba ile. Wewe ndiwe unayelala humo.

Tena, baada ya siku ya kwanza au ya pili, wengine hurudi nyumbani wamechoka, wanalia, usingizi umepotea. Kidonda kikioshwa huuma. Hali hiyo ikiwa ya siku moja mbili, haina maana kwamba umeshindwa. Mwambie mshauri mkikutana tena. Lakini mawazo ya kujiua yakija, usingoje wiki iishe. Mwambie mtu unayemwamini akupeleke hospitali siku ile ile.

Je, kurudi kunasaidia? Huko Masaka na Rakai, Uganda, mwaka wa 2002, watu wenye ugonjwa wa huzuni waliwekwa katika vikundi, wanaume kando na wanawake kando. Walikutana kila wiki kwa majuma 16. Viongozi wao hawakuwa madaktari, ila watu wa kwao waliofunzwa kwa majuma mawili. Mwishoni, kati ya kila 100 waliopewa vikundi, karibu 7 tu walikuwa bado na ugonjwa ule. Katika vijiji ambavyo havikupewa, walikuwa karibu 55.

Sasa neno kwa viongozi. Mwenzenu akitoka kwa mshauri, msimuulize walisemezana nini. Mkopesheni nauli, na mmoja wenu amwangalizie mbuzi. Tulikuta kikundi kimoja kikimtoza mama faini ya shilingi 50 kila Jumatano aliyokosa mkutano. Mweka hazina hakujua alikokwenda, naye mama hakuthubutu kusema. Siku hizi kikundi hicho kimeandika katika katiba yake kwamba anayekwenda kliniki hatozwi faini, wala haulizwi ni kliniki ya nini.