Ugomvi wa Kikombe Usigeuke Vita vya Makabila

Leo tuzungumze juu ya pombe. Sikuja kumhukumu mtu. Nataka tufahamu pamoja namna ulevi unavyovunja amani, na sisi wenyewe tufanye nini.

Pombe si mgeni kwetu. Hapa Kivu, kasiksi ya ndizi ilikuwa kinywaji cha wageni, cha mahari na cha mapatano. Ilingojewa siku kadhaa mpaka iive, ikanywewa kwa sababu inayojulikana, na mzee alikuwepo wa kumwambia kijana: basi, inatosha.

Vita vimeharibu utaratibu huo. Tangu vita vya Masisi vya mwaka 1993, jamaa nyingi zimekimbia mara moja, mara mbili, hata zaidi. Baba aliyekuwa na shamba na ng'ombe anaamka kambini bila jembe, anaona haya mbele ya mke na watoto. Karibu naye kuna kanyanga, ambayo ndugu zetu wa Katanga wanaiita lutuku. Ni kali kushinda kasiksi na bei yake ni ndogo. Anakunywa ili asahau. Jioni shida zake zingali zinamngojea mlangoni, na feza ya chumvi imekwisha. Hapo mke anauliza, na mara nyingi jibu ni kofi.

Sasa angalieni hatari kubwa. Watu wawili wanagombana juu ya deni la kikombe kimoja, mmoja anampiga mwenzake. Kama ni wa kabila moja, tunasema: walevi hao! Kama ni wa makabila mawili, kesho asubuhi neno limegeuka: "Wale watu wametupiga." Vijana wanatafuta mapanga, na hakuna tena anayekumbuka kikombe.

Kwa hiyo wewe mkubwa, taja kosa na aliyelitenda, usitaje kabila. Usiku uleule watenganishe, uite wazee wa pande zote mbili wasikie mashahidi pamoja. Hukumu ingoje asubuhi, wakati vichwa vimetulia.

Wengine husema: "Si yeye, ni pombe." Sheria haisemi hivyo. Anayelewa kwa kupenda kwake anajibu kwa matendo yake. Kifungu cha 46 cha sheria ya makosa ya jinai kinamtisha anayempiga mtu kwa kusudi na kifungo cha siku 8 mpaka miezi 6, na mke ni mtu pia. Tena, kunajisi mwanamke au mtoto si neno la kumalizwa kwa mbuzi na kreti ya bia. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 zinataka jambo hilo lifike mbele ya tribunali. Aliyetendewa afike kituo cha afya upesi, kabla ya saa 72 kupita, apate dawa za kumkinga na ukimwi.

Na mama anayepika kanyanga? Wakubwa wengine wanamwaga pombe yake na kuvunja pipa. Kesho anapika usiku, mahali pa kujificha. Mwulizeni kwanza: feza hii inalisha nani? Mara nyingi inalisha watoto na kulipa shule. Keti naye na wenzake, mpatane: hakuna kuuza asubuhi, hakuna kumuuzia mtoto, hakuna kukopesha wala kupokea unga wa jamaa kama malipo. Mwenye bunduki mama hawezi kumkataa peke yake; hilo ni neno la wakubwa kulipeleka kwa komanda. Kisha likelemba ya akina mama imtangulize yeye, apate mtaji wa kuuza chumvi, sabuni au mafuta.

Neno la mwisho ni la afya. Kanyanga inaweza kuwa na sumu inayoitwa metanoli, wala huwezi kuijua kwa rangi wala kwa ladha. Pipa lililobeba dawa ya shamba nalo linaua. Mtu akinywa, na baadaye, hata kesho yake, akaona ukungu machoni, akatapika au kupumua kwa shida, msimwache alale. Mpelekeni kwa muganga mara moja. Vilevile, aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafula peke yake, kwa maana anaweza kupata kifafa. Amwone muganga kwanza. Mama mwenye mimba asionje hata kidogo.

Ndugu zangu, tumepoteza mashamba, nyumba na watu wetu. Jioni hii mkiketi pamoja, ulizaneni: hapa kwetu pombe inauzwa saa ngapi, na nani anaamua ugomvi ukitokea? Kama hakuna jibu, liteni baraza kesho, kabla kikombe hakijaanguka. Amani iwe kwenu.