Dawa ya Madini na Kansa ya Ovari

Wagonjwa hutuuliza: “Sista, ni kweli dawa hii ni madini?” Ni kweli. Sisplatini hutengenezwa kwa platini, madini ya thamani kama dhahabu. Mwaka 1965, huko Michigan, Marekani, Barnett Rosenberg alikuwa akipitisha umeme kwenye bakteria kwa kutumia vipande vya platini. Bakteria wakarefuka, wakaacha kugawanyika. Kumbe haukuwa umeme, ilikuwa platini iliyoyeyuka! Mwaka 1978 Marekani iliidhinisha dawa hiyo.

Platini hujibandika kwenye nyuzi za urithi ndani ya seli, seli ikashindwa kugawanyika, ikafa. Lakini kansa ni janja. Seli nyingine huitoa dawa nje, nyingine hutengeneza upya palipoharibika. Ugonjwa ukirudi kabla ya miezi 6 tangu dripu ya mwisho, twasema umekuwa sugu. Ndiyo maana wataalamu wanajaribu kubuni dawa za madini mengine, kama rutheni, zinazoshambulia seli kwa njia tofauti. Bado ziko kwenye majaribio.

Akina mama, tumbo likivimba kwa majuma kadhaa, au mkishiba upesi kuliko kawaida, njoni mpimwe. Na kwa walio kwenye matibabu: sisplatini hudhuru figo, kwa hiyo tunawaongezea maji mengi kwa dripu. Msituone tunawachosha.