Je, Wajua? Anga Laini Huhitaji Chembechembe

Ili anga la buluu litoke laini kwenye picha iliyochapishwa, mafundi hulichafua kwa makusudi. Hulinyunyizia chembechembe hafifu kwenye kompyuta, na mistari iliyokuwa ikilikata vipande vipande hupotea machoni.

Mistari hiyo hutoka wapi? Faili ya JPEG huwa na biti 8 kwa kila rangi ya msingi: nyekundu, kijani na buluu. Hizo ni ngazi 256 tu kwa kila moja. Zikichanganywa huzaa rangi 16,777,216, nyingi ajabu! Lakini anga tupu laweza kutumia ngazi 40 pekee. Litandaze kwenye karatasi yenye upana wa sentimita 80, na kila ngazi inakuwa utepe wa sentimita 2. Jicho nalo huzidisha mambo: hukoleza mpaka kati ya tepe mbili, kama alivyoeleza mwanafizikia Ernst Mach mwaka 1865.

Faili yenye biti 16 kwa kila rangi ya msingi hupunguza tatizo hili, kwani hutoa ngazi 65,536.

Printa bora za picha nazo husaidia kulainisha: huongeza wino wa samawati hafifu na majenta hafifu, ili vitone vya wino visionekane mawinguni wala kwenye mashavu ya mtoto.