Ugonjwa wa Lori la Dizeli

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani, alifaulu kuiendesha katika mji wa Augsburg mwaka 1897. Pistoni huishindilia hewa ndani ya silinda hata joto lake likapita digrii 500. Ndipo nozeli inyunyizapo mafuta, nayo huwaka papo hapo. Basi lori likikataa kuwaka, fundi hatafuti cheche. Hutafuta hewa na mafuta.

Kosa la mara nyingi ni hewa kuingia katika bomba la mafuta, kwa kuwa dereva ameacha tangi likauka. Kulijaza tena hakutoshi, maana hewa iliyomo hubanika tu, na nozeli haifunguki. Fundi hulegeza skrubu juu ya chujio, akapiga pampu ya mkono. Mafuta hutoka yenye mapovu. Mapovu yakiisha, huikaza.

Moshi nao una habari zake. Ukiwa mweusi, mafuta yamezidi hewa; pengine chujio la hewa limejaa vumbi. Ukiwa wa buluu, oili inaungua. Moshi mweupe wa asubuhi ya baridi si neno. Lakini usipokoma, na maji ya rejeta yakipungua, huenda maji yanaingia katika silinda, na lori hilo lisiendeshwe.

Mkono usiwekwe kamwe mbele ya nozeli inyunyizayo. Mafuta yake hupenya ngozi, na jeraha hilo, lijapokuwa dogo kama tundu la sindano, hutaka daktari saa ile ile.