Pikapu ivute kilo ngapi? Tuhesabu kabla ya kufunga remorke

Kila msimu wa mavuno wanamemba wa kooperative wanatuuliza swali moja: pikapu ya kukodi, ikifungwa remorke nyuma, ibebe magunia ngapi? Mara nyingi shofere anajibu mbio: « Hii gari iko na nguvu, inavuta tu. » Na kweli inavuta. Lakini injini si kitu cha kwanza cha kuangalia. Cha kwanza ni freni. Mzigo ambao gari inaupandisha polepole mpaka juu unaweza kuishinda kabisa wakati wa kuteremka.

Tuchukue njia ambayo wengi wanaijua: mpunga unatoka bonde la Ruzizi, unapita Kamanyola, unapanda milima ya Ngomo mpaka Bukavu. Kurudi, gari ileile inashuka Ngomo na mbolea au sima. Kwenda ni injini inayoteseka, kurudi ni freni.

Hesabu inaanza kwenye kibati cha mtengenezaji. Fungua mlango wa shofere, angalia kwenye nguzo ya mlango. Kama hakiko hapo, angalia chini ya boneti. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya yana mistari minne ya kilo. Wa kwanza ni uzito wote wa gari pamoja na mzigo wake, ule unaoandikwa PTAC kwa Kifaransa. Wa pili ni uzito wa gari na remorke kwa pamoja, PTRA. Mistari inayoanza na 1 na 2 ni ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Kama kibati kimetoka au kimefutika, tafuta kitabu cha gari. Hakuna kibati wala kitabu? Hapo sisi tunashauri msifunge remorke.

Sasa mfano. Tuseme kibati kinaonyesha 3000 na 5500, na gari tupu yenye mafuta ina kilo 1950. Ndani wanakaa watu watatu, kilo 210. Nyuma mnapakia magunia 8 ya mpunga ya kilo 80, ni kilo 640. Jumla 2800. Ukitoa 2800 kwenye 5500, zinabaki 2700 za remorke. Remorke yenyewe tupu ina kilo 350, basi kwa karatasi zinabaki 2350 za mpunga, karibu magunia 29. Hapa ndipo watu wanafurahi na kuanza kupakia.

Ngojeni kwanza. Remorke ile iko na freni zake? Nyingi tunazoziona vijijini, zilizounganishwa na mafundi wa kuchomelea, hazina. Kwa remorke isiyo na freni, watengenezaji wengi wa pikapu wanaweka mwisho wa kilo 750, na ndani ya hizo uzito wa remorke yenyewe umeshahesabiwa. Toa 350, zinabaki 400. Ni magunia 5, si 29. Tunajua jibu hili halipendezi, lakini mle hamna freni nyingine ila zile za pikapu, na kwenye mteremko mrefu freni zinapata moto, zinapoteza nguvu, na remorke inasukuma gari kwa nyuma.

Hata remorke yenye freni, namba ya karatasi si namba ya Ngomo. Injini ya dizeli isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja kwa kumi ya nguvu yake kila mita 1000 za kupanda. Ongeza matope na makorongo. Kwa barabara ya udongo yenye milima, sisi tunachukua nusu ya namba ya karatasi, na wakati wa mvua tunaacha remorke nyumbani.

Kuna uzito mwingine unaosahauliwa: ule ambao mkono wa remorke unaulalia kwenye atelaje ya gari. Unapaswa kuwa kati ya sehemu 5 na 10 kwa mia za uzito wa remorke. Kwa remorke ya kilo 750 ni kama 60, nazo zinahesabiwa kwenye mzigo wa pikapu: 2800 yetu inakuwa 2860. Na juu ya atelaje kuwa nyuma ya magurudumu, kilo 60 hizo zinaweza kuongeza kama 80 kwenye ekseli ya nyuma, huku mbele ikipungua na usukani kuwa mwepesi. Kupima ni rahisi: remorke ikiwa imelala sawa, weka mkono wake juu ya baskili ya kooperative. Ukiwa mwepesi sana, sogeza magunia mbele. Remorke iliyojazwa nyuma inayumba kama mkia, na ikianza kuyumba kwa mwendo shofere hana cha kufanya kingi zaidi ya kuachia mafuta polepole.

Baskili hiyohiyo ipime magunia. Gunia linaloitwa la 80 likifungwa na kilemba juu linaweza kupita 100, na muhogo ambao haujakauka vizuri una maji mengi. Tanki la maji la litre 1000 ni tani nzima, hata kama tanki lenyewe ni la plastiki.

Kuongeza vyuma vya reso, kama wengi wanavyofanya, kunainua mgongo wa gari tu. Freni, ekseli na pine vinabaki vilevile. Pine nayo ina mwisho wake: namba 112 iliyoandikwa ubavuni inamaanisha kilo 1120 kwa pine moja, ikiwa na upepo wa kutosha.

Tunashauri komite iandike idadi ya magunia kwenye karatasi ya kukodi, kabla shofere hajafika, na mtu mmoja apewe kazi ya kusema « basi » wakati wa kupakia. Mtu huyo akatae pia abiria wanaopanda juu ya mzigo. Watano tu ni kilo 300, na wengi wanapandia njiani, baada ya hesabu kuisha. Mbele ya mteremko, shofere asimame, aingize vitesi ya chini kabla ya kuanza kushuka, na akisikia harufu ya freni kuungua asimame tena, aweke mawe chini ya magurudumu, angoje zipoe zenyewe bila kumwagia maji.